Kambi ya roketi na nyota Malindi, likizo ya Agosti: nitumie baruti au maji?

Mwalimu wa Shela (Malindi)

Asalaam aleikum jamaa, na wengine wote hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia shule ya upili hapa Malindi. Likizo ya Agosti mwaka jana watoto wa mtaani kwetu walishinda barazani kwangu na simu za mama zao. Siku moja msichana wa miaka kumi akaniuliza kama ni kweli roketi zilikuwa zikirushwa Ngomeni, kule pwani kaskazini mwa Malindi, au ni maneno ya babu yake tu. Nikamwambia ni kweli kabisa. Akasema, "Mbona sisi hatujaona hata moja?" Nikabaki nimeshika ufagio.

Basi mwaka huu nimejitia kitanzi mwenyewe. Nimewaahidi kambi ya siku tano, Jumatatu tarehe 10 hadi Ijumaa tarehe 14 Agosti 2026. Watoto 24, miaka tisa hadi kumi na tatu, nusu wasichana. Mchana tutengeneze roketi, usiku tutazame nyota. Hakuna kulala nje, kila mtu anarudi kwao. Mfukoni nina shilingi elfu ishirini, na kati ya hizo elfu saba ni za mahamri, maharagwe na chai, kwa sababu mtoto mwenye njaa hapimi kitu.

Kinachonisumbua ni hiki. Binamu yangu aliyeko Marekani anakuja Julai na anataka kuniletea roketi za watoto za kule: mirija ya karatasi ngumu, pua za plastiki, na injini ndogo za baruti zilizoandikwa B6-4. Wengine wananiambia chupa ya soda na maji inatosha. Je, ya maji si mchezo tu? Nisije nikawaahidi roketi nikawapa bomba la kumwagilia maua.

Pili, sina darubini kubwa. Nina ile ya macho mawili, 10x50, ya kuazima kwa mtu anayetazama ndege kule mdomo wa mto Sabaki. Nimesoma kwamba usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 kuna vimondo vingi. Niwaahidi watoto hilo?

Kijana wa Barani

Mwalimu, kabla ya maji na baruti, barua kwa chifu na nakala kwa kituo cha polisi. Usiandike "kurusha roketi", andika "somo la sayansi la kurusha chupa za plastiki kwa maji". Neno moja tu hapa Pwani linaweza kukuletea gari mbili za askari. Nasema kwa wema.

Fundi wa Boti, Amu

Kijana wa Barani kasema kweli, sisi huku tulichukua hata picha ya chupa tukaibandika kwenye barua. Askari aliyekuja kukagua alikaa mpaka mwisho, na yeye ndiye aliyeshinda shindano la kukisia kimo.

Mwalimu, mimi natengeneza injini za boti. Shahada sina. Lakini miaka mitatu sasa, kila Desemba, mimi na ustadhi mmoja wa madrasa tunakusanya watoto tunarusha chupa. Nitakueleza niliyoyaona, mengine utayahakiki wewe mwenye vitabu.

Baruti achana nayo. Zile injini ndogo zimetengenezwa vizuri, sizisemi vibaya. Herufi ni jumla ya msukumo wote, yaani nguvu mara muda: A inakomea newtoni-sekunde 2.5, B inakomea 5, C inakomea 10, kila herufi maradufu ya ile ya nyuma yake. Tarakimu inayofuata ni msukumo wa wastani kwa newtoni, na ya mwisho ni sekunde inazosubiri kabla ya kufyatua parachuti. Kwa hiyo B6-4 ya binamu yako ni newtoni 6, kisha sekunde 4 za kungoja. Hesabu nzuri sana ya ubaoni. Lakini ndani ni baruti, na baruti kwetu ina Sheria ya Milipuko, Sura ya 115, na vibali vyake. Wala haipandi ndege ndani ya sanduku la nguo. Mwambie alete mirija na maparachuti, injini aziache huko huko. Na akitokea kijana mjuaji anayesema atakupikia baruti jikoni kwa maelezo ya mtandaoni, mfukuze mpaka barabarani.

Tena kuna jambo ambalo watu hawalifikirii. Injini ile inawaka mara moja, chini ya sekunde moja, imekwisha, unatupa. Watoto 24, injini 24, kila mmoja amepata nafasi moja, na ikienda kombo hajui kwa nini. Chupa unairusha mara thelathini asubuhi moja. Ikienda kombo unaichukua, unaitazama, unabadilisha kitu kimoja, unairusha tena. Mimi injini ya boti ndivyo ninavyoitafutia ugonjwa, sijui njia nyingine.

Na si bomba la kumwagilia maua, mama. Hewa iliyobanwa inasukuma maji chini, maji yanaisukuma chupa juu. Kanuni ni ile ile ya roketi kubwa, tofauti ni kinachotoka mkiani.

Chupa: ya soda tu, lita mbili au lita moja na nusu. Chupa za maji ya kunywa ni nyembamba, hazikutengenezwa kubana gesi, zitapasuka. Na ile ya soda ikishakaa juani siku kadhaa au ikipata mkunjo, itupe. Mwaka wa pili ilitupasukia moja kwenye presha 70 (PSI) kwa ubishi wangu mwenyewe, mlio ukasikika mpaka gatini, na mama mmoja akaja mbio bila viatu. Tangu siku ile hatupiti 50 kwenye geji, na anayepampu amevaa miwani ya fundi, ile nyeupe.

Kifyatulio ndicho utumie pesa. Mwaka wa kwanza tulitumia kizibo cha mpira na vali tu: unapampu mpaka chupa ichoke iruke yenyewe. Ubaya wake inaruka ikitaka yenyewe. Mtoto mmoja aliinama kuangalia mbona haiendi, ikampita sikioni. Alicheka, mimi nililala vibaya siku tatu. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee kibao chenye komeo linaloshika shingo ya chupa, na kamba ya mita kumi ya kulivuta. Vali chukua ya tairi la gari lisilo na tiubu, pampu ya mguu yenye geji. Watoto wote nyuma ya kamba nyingine, na anayevuta anahesabu kurudi nyuma kwa sauti, kumi mpaka moja. Kuhesabu ni kwa usalama, lakini ukiwauliza wao watasema ndiyo sababu walikuja.

Sasa, maji kiasi gani? Usiwaambie. Wewe unajua, na mkono utakuwasha uwaambie. Nyamaza. Wape kalamu ya wino waweke alama kwenye chupa: tupu, robo, theluthi, nusu, kujaa. Presha ile ile kila mara. Kundi moja letu lilijaza mpaka juu wakiamini maji zaidi ni nguvu zaidi. Chupa ikanyanyuka kama mzee anayeondoka kwenye kiti cha kamba, ikalala ubavuni. Tupu ikafanya "pa!" ikapanda kidogo tu. Mwisho wa asubuhi walikuwa wanabishana kati ya robo na theluthi, na huo ubishi ulikuwa sahihi.

Mapezi: maboksi ya kadibodi yanalowa. Kata ndoo ya plastiki iliyovunjika. Pua wafanye wenyewe. Roketi isiyo na uzito mbele inapinduka hewani inakuja na tumbo. Kuna jaribio la kamba: ifunge pale inapolala sawa ukiining'iniza, kisha izungushe juu ya kichwa. Ikitangulia na pua, itaruka. Ikitangulia na mkia au ikiyumba, ongeza uzito puani au ukubwa wa mapezi. Wasichana watatu wa Matondoni walitia donge la unga wa chapati puani. Siku ya kwanza waliwashinda wote. Siku ya pili donge lilikuwa limeliwa na panya, lakini walijua ni gramu ngapi, maana walilipima dukani kabla, basi wakatia mchanga uzito ule ule. Hao siwasahau.

Kimo: pembe ya shule (kile kipimapembe), mrija wa soda juu yake, uzi na nati ya kuning'inia. Simama mita 30 kutoka kwenye kifyatulio. Ukiona roketi kileleni kwa nyuzi 45, imepanda mita 30 na kimo cha macho yako. Wa miaka tisa hawajui tanjenti, basi wachore pembetatu kwenye karatasi ya miraba, sentimita moja kwa mita tatu, wapime kwa rula. Weka wapimaji watatu, na usishtuke wakitofautiana. Wetu walitofautiana mita tisa, kumbe mmoja alikuwa anatazama ndege mwewe.

Upepo: Agosti ni kusi, mimi nakimbilia Desemba kwa sababu hiyo. Rusha asubuhi kabla halijakaza. Roketi yenye mapezi huelekea unakotoka upepo inapopanda, kisha parachuti huirudisha upepo unakokwenda. Ukiona mchanga unaruka, funga, kunywa chai. Na usirushie uwanja wa mjini: chupa yetu iliangukia ua wa watu, na kuomba radhi kulinichukua siku nzima na kilo mbili za sukari.

Nahodha Mstaafu, Mambrui

Mwanangu Mwalimu, shikamoo zote zimepokelewa ingawa hakuna aliyeniamkia humu.

Watoto walete huku Mambrui. Kule mjini una taa za hoteli, na uwanja wa ndege uko karibu mno na mji. Huku ufuo ni mpana. Tena umechagua siku vizuri, sijui kama ulijua. Tarehe 12 Agosti ni mwezi mwandamo: siku hiyo jua linapatwa huko Hispania na Iceland, sisi hatulioni, lakini jua halipatwi ila mwezi umefichikana. Kwa hiyo wiki yako yote ni giza, na ni bamvua, siku za maji kujaa na kukupwa kupita kawaida. Bamvua kwetu maji hujaa kama saa kumi, hukupwa kama saa nne. Saa nne asubuhi una uwanja wa mchanga mgumu usio na mtu wala dirisha. Waulize watoto mbona bahari imekwenda mbali siku hizo, halafu usiku waulize mwezi uko wapi. Waunganishe wenyewe.

Vimondo usiwaahidi. Vile vya Agosti hutokea upande wa kaskazini, chini sana kwetu, na wakati wake mzuri ni saa tisa, saa kumi za usiku. Mtoto uliyemrudisha kwao saa tatu ataona kimoja au asione. Vya Desemba, tarehe 13 na 14, ndivyo vinavyotupendelea sisi. Bibi zetu walisema ni mashetani yanapigwa, na sijamsikia mtoto aliyelala mapema kwa kuambiwa hivyo.

Waonyeshe hivi. Jua likizama, magharibi kuna Zuhura, huwezi kuikosa, iko juu na inakaa mpaka karibu saa tatu na nusu. Mwezi huo itakuwa mbali na jua kuliko wakati wowote wa msimu huu. Kusini-magharibi, chini, kuna Msalaba, na juu yake nyota mbili kali zinazouelekezea. Utosini yuko Nge, mkia umekunjwa, na moyo wake mwekundu. Kutoka mkiani mwake unapita ule mkanda mweupe. Hiyo darubini ya macho mawili ielekeze hapo hapo penye mkia, uwaache wahesabu mpaka wachoke. Zohali huchomoza kama saa nne, kwa wakubwa watakaoruhusiwa. Kilimia ni mpaka kama saa saba kasoro, hicho hawatakiona, lakini wafundishe maneno yake: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kisha warudi Desemba wakitafute jioni.

Kupima bila chombo: ngumi ya mkono ulionyooshwa ni kama nyuzi kumi, kidole cha mwisho kama nyuzi moja. Mtoto ana ngumi ndogo na mkono mfupi, kwa hiyo inalingana. Sisi tulikuwa na kibao na uzi wenye mafundo, unauma fundo kwa meno, unalinganisha ncha ya chini ya kibao na bahari na ya juu na nyota. Hicho kibao ni cha saa moja kutengeneza, na kinapima kitu kile kile ambacho Fundi anapima kwa pembe yake ya shule. Na rubani aliyemvusha Vasco da Gama aliondoka naye hapa hapa Malindi mwaka 1498.

Na kubwa kuliko yote ni hilali. Mwezi unaoandama ni wa Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi. Alhamisi tarehe 13 magharibi, mwezi utakuwa na umri wa saa ishirini na mbili hivi. Ni mwembamba kama kucha, wenye macho wataapa, wengine watabisha. Ijumaa utaonekana na kila mtu. Wapeleke siku zote mbili. Alhamisi kila mtoto aandike ameona au hajaona, saa ngapi, ngumi ngapi kutoka pale jua lilipozama, bila kumwambia mwenzake. Darubini isifunguliwe mpaka jua lizame lote, hilo simama nalo wewe mwenyewe, jicho halina spea.

Mwalimu wa Shela (Malindi)

Shikamoo Nahodha, na unisamehe. Fundi, ahsante, nimecheka na mwewe wako mpaka mume wangu akaja kuuliza.

Nimeshamwandikia binamu. Injini zibaki. Fundi wa kuchomelea wa hapa Maweni ametaka elfu tatu na mia tano kwa kifyatulio, nimemshusha mpaka elfu mbili na mia nane na akasema mwanawe aingie kambini bure. Kwa hiyo sasa ni watoto 25.

Wazazi wa wasichana wamekubali usiku kwa sharti moja, kwamba mama wawili waje na tuktuk ziwe zinangoja hapo hapo mpaka saa tatu. Nitapunguza usiku uwe tatu badala ya tano: Jumanne nyota, Alhamisi na Ijumaa hilali.

Limebaki swali la yule msichana. Nataka Jumatano tusirushe, twende Ngomeni tukatazame zile minara baharini kutoka ufuoni. Niseme nini kisichozidi dakika kumi? Na mbona hawarushi tena, nijibu vipi?

Mwana wa Ngomeni

Mwalimu, karibu. Kwanza sema "majukwaa", minara iko nchi kavu. Majukwaa ni ya Waitaliano, yamesimama kwa miguu ya chuma ndani ya ghuba ya Ungwana: San Marco la kurushia, na Santa Rita la kuongozea. Siku yenye ukungu wa kusi hayaonekani vizuri, njoo asubuhi.

Setilaiti ya kwanza ilirushwa hapa Aprili 1967, ya mwisho Machi 1988, zote kwa roketi ya Kimarekani iitwayo Scout. Watoto wapende hii: tarehe 12 Desemba 1970, miaka saba kamili tangu uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kutazama nyota kwa miale ya eksirei, ya kwanza ya kazi hiyo duniani. Wakaipa jina Uhuru. Si jina la mtu, ni la siku. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya miale hiyo, na miale hiyo haifiki ardhini, hewa inaizuia, ndiyo maana ilibidi ipande.

Mbona hapa? Mtie mtoto mmoja katikati ya duara ajizungushe na mwingine ashike mkono wake azunguke nje. Wa nje anakimbia. Sisi tuko nyuzi tatu hivi kusini mwa ikweta, ardhi hapa inakwenda mashariki karibu kilomita 1,670 kwa saa, roketi inaondoka na mwendo huo bure. Na mashariki ni bahari tupu, vipande vikianguka havimwangukii mtu.

Mbona hawarushi tena, mwambie hivi: roketi ile ya Scout iliachwa kutengenezwa, na jukwaa bila roketi ni jukwaa tu. Kituo cha nchi kavu bado kinafuatilia setilaiti. Na setilaiti ya Kenya yenyewe, Taifa-1, ilipanda tarehe 15 Aprili 2023, lakini kutoka California. Msichana wako atauliza tena "mbona?" Mimi wangu aliuliza.

Babangu alikuwa akivusha wafanyakazi kwa boti. Anasema siku ya kurusha walifukuzwa mbali, akaiona kwanza, mlio ukaja baadaye. Waambie watoto wahesabu sekunde kati ya kuona na kusikia hata kwa chupa yenu, mmoja akisimama mwisho wa ufuo. Kilomita moja ni sekunde tatu.

Fundi wa Boti, Amu

Chupa haitasikika kilomita moja, labda ile yangu ya presha 70. Mita mia tatu jaribu, mmoja agonge sufuria.

Mwalimu, leteni mchanga wa akiba wa puani, na mfuko wa kuokota kila kipande cha plastiki. Kasa wanapanda ufuo huo. Chupa iliyoingia majini ifuatwe na mtu mzima anayejua kuogelea, si mtoto.

Mwalimu wa Shela (Malindi)

Nimeandika yote. Barua imefika kwa chifu leo, ameuliza kama wajukuu zake wawili wanaweza kuingia. Sasa ni 27, na chupa nilizokusanya mahotelini ni 31.

Nahodha, Alhamisi tarehe 13 tutakuwa Mambrui kuanzia saa kumi na mbili kamili. Kile kibao cha uzi wenye mafundo, kama bado unacho, njoo nacho. Na kama huna, nieleze mafundo yanakaa umbali gani, nikate ubao kesho.

Nahodha Mstaafu, Mambrui

Ninacho. Uzi umeliwa na mende. Njoo na uzi mpya wa mshipi, mafundo tutayapiga na watoto.